Mgeni, Jembe na Kitabu

Sheria ya Uraia ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 1995, humtaka mgeni anayeomba uraia wa tajinisi awe, pamoja na kutimiza masharti mengineyo, na ujuzi wa kutosha wa lugha ya Kiswahili au ya Kiingereza. Sharti hilo ni la insafu, wala si geni duniani; kwani mtu atakayepiga kura, atakayeitwa barazani kutoa ushahidi, na atakayekwenda zahanati na mwanawe mgonjwa, hana budi asikie asemayo mwenzake naye asikike. Lakini sheria hiyo, kama zilivyo sheria nyingi za jinsi yake, imenyamaza juu ya jambo la pili, ambalo kwa mtu wa kazi yangu ya elimu ya watu wazima ndilo kubwa zaidi: mgeni huyo atajifunzia wapi, atafundishwa na nani, na gharama za mafunzo hayo zitatoka katika hazina ya nani.

Kila nchi iliyopata kupokea wahamiaji kwa wingi imelazimika kulijibu swali hilo, na jawabu lake, ukilichungua, hukuonyesha nia ya nchi hiyo kwa wageni wake kwa uwazi zaidi kuliko hotuba za wakubwa wake. Israeli, iliyozaliwa mwaka 1948 na kufurikiwa mara na watu wa lugha chungu nzima, ilifungua mwaka 1949 mjini Jerusalem darasa la kwanza la zile ziitwazo ulpan, mahali ambapo mtu mzima hukaa miezi kadhaa akisoma Kiebrania tu. Australia ilianza mwaka 1948 kuwafundisha Kiingereza wahajiri kutoka Ulaya iliyovunjwa na vita, na wengine masomo yao yalianza wangali baharini, juu ya sitaha za meli. Sweden ilianza kugharimia masomo ya lugha yake mwaka 1965, na kuanzia mwaka 1973 ikamtwisha kila mwajiri jukumu la kumpa mfanyakazi mgeni saa 240 za kusoma bila kumkata mshahara. Kanada nayo ilianzisha mpango wake wa sasa wa lugha kwa wahamiaji mwaka 1992.

Kinyume cha hao wote walikuwa Wajerumani wa Magharibi. Tangu mwaka 1955 waliita vibarua kutoka Italia, kisha Uturuki na kwingineko, wakawapa viwanda, mabweni na ujira, lakini mwanzoni lugha hawakuwapa, kwa hoja nyepesi tu kwamba watu hao ni wageni na iko siku watarudi makwao. Kwa wengi wao siku hiyo haikufika. Wajukuu wa vibarua wale walikwisha zaliwa na kukua pale ndipo serikali, mwaka 2005, ilipokubali kwa sheria yale iliyokuwa ikiyaona kwa macho, ikaweka kozi ya saa 600 za lugha kwa mhamiaji, nusu karne baada ya kibarua wa kwanza kushuka garini. Hapa ndipo ilipo hoja yangu: serikali haimfundishi lugha yake mtu ambaye moyoni inamtazamia aondoke, na kila inapoanza kumfundisha, basi imekwisha mkubali, hata kama haijamtamkia.

Msomaji wa Ufipa anaweza kuuliza mambo hayo ya ng'ambo yanatuhusu nini sisi tulio juu ya uwanda huu wa baridi, baina ya ziwa Tanganyika na ziwa Rukwa. Yanatuhusu sana. Kwa muda wa miaka takriban arobaini, yaani tangu Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974 hadi Katavi ilipokatwa na kuwa mkoa wake mwaka 2012, Sumbawanga ilikuwa makao makuu ya mkoa uliobeba mojawapo ya kazi kubwa kabisa za kupokea na kuwaweka wageni zilizopata kufanywa Afrika, ijapokuwa kazi yenyewe ilifanyika katika misitu ya Mpanda, safari iliyokuwa ya kutwa nzima kwa gari ukishuka kutoka uwandani kupitia Chala na Namanyere na kuipasua mbuga ya Katavi.

Wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda waliotolewa Kivu, Kongo, mwaka 1964, wakawekwa katika vilima vya Mwese. Baada yao likaja wimbi kubwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1972 ulizuka uasi kusini mwa Burundi, na kisasi cha serikali ya huko kilikuwa cha kutisha kiasi kwamba watu zaidi ya laki moja walivuka mpaka na ziwa kutafuta kimbilio Tanzania. Serikali, kwa kushirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi pamoja na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi la TCRS, lililoasisiwa mwaka 1964 chini ya Walutheri, haikuwajengea mahema ya kungojea. Iliwapa ardhi. Katumba ilifunguliwa mwaka 1973. Ulyankulu nayo ikafunguliwa upande wa Tabora. Na Ulyankulu ilipoelemewa na watu kuliko maji na udongo wake, Mishamo ikafunguliwa mwaka 1978 ili kuwapokea waliozidi.

Utaratibu wenyewe haukuwa na makuu. Jamaa ilikabidhiwa kipande cha msitu, jembe, shoka, mbegu, na posho ya chakula hadi mavuno yatakapopatikana. Kisha posho ilipunguzwa kidogo kidogo mpaka ikakoma. Barabara zikachongwa, visima vikachimbwa, zahanati na shule zikajengwa. Na makazi yalipoweza kujitegemea, mashirika yakakabidhi kila kitu kwa serikali, Katumba mwaka 1978 na Mishamo mwaka 1985. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na Tanzania ya siku zile iliitii methali hiyo kwa herufi zake, ikaongeza na kitu ambacho methali haikukitaja.

Kitu hicho kilikuwa shule. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa ndicho lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi nchini, na shule za Katumba na Mishamo hazikubaguliwa: mtoto wa Kirundi alisoma mtaala ule ule aliousoma mtoto wa Kifipa wa Matai au Laela, kwa vitabu vile vile, akafanya mtihani ule ule wa darasa la saba. Hapakuwa na darasa maalumu la wageni, wala mitaala miwili. Nchi tajiri nilizozitaja zilijenga idara, zikaajiri walimu wa fani hiyo na kutunga mitihani yake. Tanzania iliyokuwa maskini ilifanya kazi ile ile kwa kumpitisha mgeni katika mlango aliokwisha mfungulia mwenyeji.

Na mwenyeji naye, tusisahau, alikuwa akijifunza. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wakati ambapo, kwa hesabu ya watu ya mwaka 1967, watu wazima 67 katika kila mia hawakujua kusoma wala kuandika. Kampeni ya kisomo iliyofuata ilieneza herufi na Kiswahili kwa pamoja, maana bibi wa Ufipa ambaye maisha yake yote, tangu kilimo cha ulezi hadi matanga, aliyapitisha kwa Kifipa, alipoketi chini ya mti kusoma, alisoma katika lugha aliyokuwa akiisikia tu gulioni na kwenye redio. Kwa maana hiyo alikuwa karibu sana na jirani yake wa Katumba kuliko walivyodhani wenyewe. Takwimu za serikali zilionyesha wasiojua kusoma wameshuka hadi 39 katika mia mwaka 1975, na kiasi cha 10 mwaka 1986. Nami, ambaye nimekaa na wanakisomo, naona takwimu hizo zilikuwa na ukarimu fulani, lakini mwelekeo wake siukanushi.

Yafaa msomaji alione darasa lenyewe. Saa ni za alasiri, watoto wamekwisha kwenda zao, na madawati yaliyotengenezwa kwa ajili yao yamekaliwa na watu wenye mvi. Mwalimu, ambaye aghalabu ni mwalimu wa shule ya msingi au kijana aliyemaliza darasa la saba anayelipwa posho ndogo, haanzi na alifu. Anaanza na sentensi nzima inayohusu kazi za watu hao, tuseme: Mahindi ni chakula. Anaisoma, wanaifuata, kisha anatoa neno moja, mahindi, analiandika peke yake, halafu analikata, ma, hi, ndi, na kutokana na silabi hizo wanafunzi wenyewe wanaunda maneno mengine. Njia hii ilijaribiwa na mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO huko Mwanza na mikoa ya Ziwa baina ya mwaka 1968 na 1972, kwa vitabu vya pamba, migomba, ufugaji na uvuvi, kabla ya kusambazwa nchini. Kwa Mrundi njia hii ilikuwa na faida ya ziada. Kirundi na Kiswahili ni ndugu: mtu ni umuntu, nyama ni inyama, na kulima ni kurima, hivyo mpangilio wa ngeli, ambao humtoa jasho Mzungu kwa miaka, yeye anao tangu kuzaliwa. Wengi wa waliotoka mwambao wa ziwa, Rumonge na Nyanza-Lac, walikuwa hata na Kiswahili chao cha biashara ya samaki na mawese. Kilichowasumbua kilikuwa sauti ya l, isiyokuwamo katika lugha yao, ambayo ulimi uliigeuza r. Na mwalimu mwenye busara aliiacha hivyo, akaendelea na somo.

Haifai kuisifu kazi hii kupita kiasi. Chini ya Sheria ya Kudhibiti Wakimbizi ya mwaka 1965, mkazi wa Katumba au Mishamo hakuwa na ruhusa ya kutoka bila kibali cha mkuu wa makazi. Basi alifundishwa lugha ya taifa na papo hapo akazuiliwa kwenda kuitumia. Lugha huivishwa sokoni, kwenye basi, kwenye kazi na kwenye ugomvi wa bei. Kijana wa shule aliipata kwa sababu shule ilimwandama kila siku. Mama yake, ambaye shamba, maji, kuni na watoto vilimshika toka alfajiri hadi usiku, alibaki na Kirundi chake na maneno machache ya salamu. Kasoro hiyo haikuwapata wakimbizi peke yao, maana wanawake wetu wa vijijini Ufipa waliandikishwa kisomo kwa wingi na wakaacha kwa wingi, kwa sababu ile ile ya saa ya somo kupangwa na mtu asiyejua saa ya kuwasha moto wa jikoni.

Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya sera hii, na aliistahiki. Baada ya hapo mambo yakageuka. Warundi waliokimbia vita vya mwaka 1993 na baadaye hawakupewa msitu wala jembe; waliwekwa kambini mkoani Kigoma, na katika kambi hizo watoto walisomeshwa mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa. Hoja iliyotolewa ni kwamba watarudi kwao, na elimu yao iwafae huko. Hoja hiyo haikosi akili, lakini ndiyo hoja ya Ujerumani ya mwaka 1955, na mtoto aliyezaliwa katika kambi hizo anaweza leo kuwa mzazi asiyewahi kuiona Burundi na asiyewahi kufundishwa Kiswahili darasani.

Tafauti baina ya mikondo hiyo miwili ilidhihirika mwaka 2007, serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa zilipoamua kulimaliza suala la wakimbizi wa mwaka 1972. Waliulizwa, jamaa kwa jamaa, kama wataka kurudi ama kubaki. Na watu wanne katika kila watano walichagua kubaki. Maombi ya uraia ya watu wapatao 162,000 yalikubaliwa kufikia mwaka 2010. Sharti la lugha sehemu kubwa yao walikuwa wamekwisha litimiza zamani, madawatini, bila kujua kuwa wanatimiza sharti la sheria. Vyeti hata hivyo vilikawia, kwa kuwa palikuwa na azimio la kuwatawanya mikoa mingine, azimio ambalo mwishowe liliachwa. Hata mwaka 2014 vikaanza kutolewa.

Leo Katumba imo katika Halmashauri ya Nsimbo na Mishamo katika Wilaya ya Tanganyika, na wengi wa watu wake ni raia. Huku kwetu Rukwa nako wageni hawajakoma: wafugaji wa Kisukuma wamejaa katika bonde la ziwa Rukwa, na baadhi ya wazee wao hawana Kiswahili cha kumtosha mganga wa zahanati kuwaelewa. Mipango ya kuwasaidia watu wa namna hiyo ipo kwa jina, MUKEJA kwa watu wazima na MEMKWA kwa watoto waliokosa shule. Na vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden ile ile ya saa 240, vipo Chala, na pia Msaginya iliyo mwendo mfupi kutoka Katumba. Nawaomba basi wakurugenzi na maafisa elimu ya watu wazima wa halmashauri hizi, watakapoketi kupanga bajeti, watenge fungu la posho ya mwalimu mmoja wa jioni kwa kila kata yenye wahamiaji, nao waanze na akina mama, na kabla ya kupanga saa ya somo wawaulize hao akina mama wenyewe ni saa ngapi.