Peter na Siku ya Theluji: Kitabu Kidogo Kilichowapa Watoto Weusi Nafasi

Mwaka 1962 tunaukumbuka katika Kanisa kwa sababu tarehe 11 Oktoba Mtakatifu Yohane XXIII alifungua Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka huohuo, mjini New York, kilitoka kitabu cha picha cha watoto wadogo kiitwacho The Snowy Day, yaani Siku ya Theluji. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, na mwandishi wa kitabu hakuwa Mkatoliki, alikuwa Myahudi. Hata hivyo, swali lililoguswa na kitabu hicho lilikuja kujibiwa pia na Mababa wa Mtaguso: je, kila mtoto anahesabiwa kuwa mtu kamili?

Habari yenyewe ni fupi. Peter, mtoto mdogo mweusi anayeishi mjini, anaamka asubuhi na kukuta theluji imefunika kila kitu. Sisi tuliozoea kuiona theluji kwa mbali kwenye kilele cha Kilimanjaro tutahitaji kufikiri kidogo ili kuielewa furaha hiyo. Anavaa vazi lake jekundu la baridi, anatoka, anatazama alama za nyayo zake, anauchapa mti kwa fimbo na theluji inamwangukia kichwani. Anatamani kucheza na wavulana wakubwa, lakini anajua umri wake haujafika. Jioni anatia bonge la theluji mfukoni ili alitunze kwa ajili ya kesho. Kabla ya kulala anaangalia mfukoni na kukuta hamna kitu, anahuzunika. Asubuhi theluji bado ipo, na nyingine inaanguka. Anamwita rafiki yake wanayekaa jengo moja, wanatoka pamoja.

Basi, hayo ndiyo yote. Hakuna anayemtukana Peter, wala hakuna anayemhurumia. Katika maneno ya kitabu, rangi ya ngozi yake haitajwi hata mara moja. Inaonekana katika picha tu.

Mwandishi alikuwa nani?

Ezra Jack Keats alizaliwa Brooklyn mwaka 1916 akiitwa Jacob Ezra Katz, mtoto wa Wayahudi maskini waliohamia Marekani kutoka Poland. Baba yake alifanya kazi ya kuhudumia wateja katika mkahawa, na alihofia kwamba uchoraji usingemlisha mwanawe. Alipofariki ghafla, katika pochi yake vilikutwa vipande vya magazeti vilivyotangaza tuzo ambazo kijana huyo alikuwa amepata kwa uchoraji. Kumbe alikuwa akijivunia mwanawe kimyakimya.

Mwaka 1947 kijana huyo alibadili jina lake, kwa sababu chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa kali. Kwa hiyo alijua maana ya kubaguliwa kabla ya kumchora Peter. Mwaka 1940 alikuwa amekata katika gazeti la Life picha za mvulana mdogo mweusi wa jimbo la Georgia aliyekuwa akipimwa damu. Uso wa mtoto yule ulimvutia, akazitunza picha hizo kwa miaka ipatayo ishirini. Katika miaka hiyo alichora picha za vitabu vya waandishi wengine, akagundua kwamba katika vitabu vyote alivyoletewa hakuna hata kimoja ambacho mhusika mkuu ni mtoto mweusi. Alipopata nafasi ya kuandika na kuchora kitabu chake mwenyewe, alimpa nafasi hiyo mtoto wa zile picha.

Kazi aliifanya kwa vitu vya kawaida. Alikata karatasi na vitambaa akavibandika, alichonga vifutio vikawa mihuri ya kupigia chapa za theluji, na kwa mswaki alirusha matone ya wino ili kupata ukuta wa kijivu nyuma ya kitanda cha Peter.

Kwa nini kilikuwa na uzito?

Mwaka 1963 kitabu hicho kilipata Medali ya Caldecott, tuzo kuu ya uchoraji wa vitabu vya watoto nchini Marekani. Kilikuwa cha kwanza kupata medali hiyo kikiwa na mtoto mweusi kama mhusika mkuu. Ulikuwa mwaka wa maandamano makubwa ya Washington, na katika majimbo mengi ya kusini watu weusi walikuwa bado wanapigania haki ya kuketi meza moja na wengine.

Hali ya vitabu ilijulikana zaidi mwaka 1965, mwalimu Nancy Larrick alipochapisha uchunguzi wake. Katika vitabu 5,206 vya watoto vilivyotolewa na wachapishaji mwaka 1962, 1963 na 1964, ni 349 tu vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, yaani asilimia 6.7. Mtoto mweusi aliweza kusoma kwa miaka bila kukutana na mtu anayefanana naye.

Mwalimu mmoja alimwandikia Keats kumweleza kwamba wanafunzi wake weusi, waliokuwa wakijichora kwa rangi ya waridi, baada ya kukijua kitabu hicho walianza kutumia kalamu ya kahawia. Hapa ndipo tunapoona uzito wa jambo. Watoto wale walikuwa wamejifunza, bila mtu yeyote kuwaambia, kwamba mtoto wa kuchorwa si wao. Hakuna aliyewafundisha kosa hilo kwa maneno, na aliyewasahihisha hakutumia maneno. Waliona picha tu.

Ukosoaji nao una haki yake

Si wote waliosifu. Larrick mwenyewe alilalamika kwamba maneno ya kitabu hayasemi Peter ni mweusi, na kwamba mama yake amechorwa kwa namna inayokumbusha picha za dharau za watumishi weusi wa majumbani. Keats alijibu kwamba rangi inaonekana wazi, hivyo hakuna haja ya kumbandika mtoto alama kwa maneno. Wengine waliuliza kwa nini habari ya mtoto mweusi isimuliwe na mzungu.

Tunaona swali hili la mwisho ni la haki. Kumpenda jirani hakutoshi kama yeye mwenyewe hapewi nafasi ya kusema. Ilichukua hadi mwaka 1976 kwa msanii mweusi, Leo Dillon, kupata medali hiyo pamoja na mkewe Diane. Hata hivyo, kuchelewa kwa wengine hakufuti wema wa aliyetangulia kufungua mlango. Na kuhusu kutotaja rangi, kila upande una sehemu ya ukweli: ipo siku ubaguzi lazima utajwe kwa jina lake, na ipo siku mtoto anahitaji kucheza tu bila kugeuzwa kuwa somo.

Kitabu kimedumu. Mwaka 2020 Maktaba ya Umma ya New York, ikiadhimisha miaka 125, ilitangaza kwamba hicho ndicho kilichoazimwa kuliko vyote katika historia yake: mara 485,583.

Nasi tunajifunza nini?

Mwaka 1965 Mtaguso ulifundisha katika hati ya Nostra Aetate, namba 5, kwamba Kanisa linalaani ubaguzi wowote unaotokana na rangi au taifa, kwa kuwa ni kinyume cha nia ya Kristo. Gaudium et Spes, namba 29, inaeleza msingi wake: wote wameumbwa kwa mfano wa Mungu, na wote wamekombolewa na Kristo. Ukweli huo tunaukuta katika sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, na katika katekesi tunawakaririsha watoto.

Lakini mtoto wa miaka minne hasomi hati. Anatazama picha. Kwa hiyo waseminari tunaojiandaa kufundisha, makatekista, na wazazi katika jumuiya ndogondogo tunapaswa kujiuliza: katika picha tunazowaonyesha watoto wa Utoto Mtakatifu, malaika wana rangi gani? Watakatifu je? Shetani naye amepakwa rangi gani? Kama wema wote ni weupe na ubaya wote ni mweusi, tumefundisha jambo ambalo Mtaguso umelikataa, hata kama midomo yetu ilisema vingine.

Dawa yake haina gharama kubwa. Tunao Mashahidi wa Uganda, tunaye Mtakatifu Josefina Bakhita, tunaye Mwenye Heri Isidore Bakanja. Tuwaweke ukutani katika chumba cha mafundisho. Tuwape watoto kalamu za rangi zote, ya kahawia ikiwemo, kisha tuwaombe wamchore mtoto anayependwa na Mungu. Tutazame kwa makini ni nani watakayemchora, na tuanzie hapo mafundisho yetu.