Bishimu: tufuge nyumbani mbele pori iishe

Mvua ikianza, bamama wa Lubumbashi banauliza: bishimu biko wapi? Mutondo, mti ambao bishimu binakula majani yake, unakatwa kila siku kwa kuchoma makala. Mti ukianguka, chakula cha mwaka ujao kinaanguka nao.

Lakini kipepeo wa usiku hahitaji pori nzima. Anataga mayai kwa fungu moja, juu ya jani. Ukikuta fungu hilo, kata katawi kake, ukakafunge ku mti wa aina ileile karibu na nyumba. Ku mti wa aina ingine bishimu binaweza kukataa kula, bikufe. Kisha funika matawi na chandarua ya zamani, maana ndege na nyigu wanabipenda kuliko sisi. Bitavua ngozi mara ine, binenepe, bishuke kujizika mu udongo.

Hapo njo bantu mingi banakosea: banaokota byote. Kipepeo huyu hana kinywa cha kulia. Anaishi siku chache tu, kwa kutaga. Kama haukuacha bingine biingie mu udongo, mwaka ujao utafunika majani matupu.