Uchapishaji Huria wa Sayansi za Dunia na Wajibu wa Wanaisimu wa Kiswahili: Mfano wa Kivu ya Kaskazini

1. Utangulizi

Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mjini Butembo mwaka 1989, kimebeba jina la kijiolojia. Graben ni neno la Kijerumani lenye maana ya handaki. Wanajiolojia wamelichukua wakalipa maana ya ukanda wa ardhi uliodidimia baina ya nyufa mbili, kama bonde la mto Semliki lililo kati ya Beni na milima ya Ruwenzori. Kwa hiyo neno la sayansi ya dunia hutamkwa kila siku mjini kwetu. Maarifa yanayolizunguka neno hilo ni jambo jingine: yamo katika majarida ya Kiingereza na, kwa kiasi, ya Kifaransa, ambayo kwa muda mrefu yalipatikana kwa kununuliwa tu.

Makala haya yanakusudia kueleza maana ya uchapishaji huria katika sayansi za dunia, sayari na anga za juu, na kuonyesha linalowahusu wanaisimu wa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba uchapishaji huria umepunguza kizuizi cha bei na kizuizi cha sheria, lakini kizuizi cha lugha umetuachia sisi.

2. Uchapishaji huria ni nini?

Kwa utaratibu wa zamani, mtafiti huandika makala, wataalamu wenzake huyahakiki bila malipo, kisha mchapishaji huziuzia maktaba jarida kwa ada ya mwaka. Maktaba isiyo na fedha hubaki nje, hata kama makala yenyewe yanahusu vilima vinavyoonekana kutoka dirishani mwake.

Mtandao wa kompyuta uliutikisa utaratibu huo. Mwaka 1991 wanafizikia walianza kuweka rasimu za makala zao katika hazina ya arXiv, iliyoanzia Los Alamos, Marekani, wanaastronomia wakafuata. Tarehe 14 Februari 2002 lilitolewa Tamko la Budapest, lililodai kwamba msomaji awe na haki ya kusoma, kunakili na kusambaza makala ya utafiti bila malipo, mwandishi akibaki na haki ya kutambuliwa. Katika sayansi za dunia, jarida la Atmospheric Chemistry and Physics lilianza mwaka 2001 likiwa huria, na jarida la Kijapani la Earth, Planets and Space likawa huria mwaka 2014. Aidha, mwaka 2008 Marekani ilifungua bila malipo hazina ya picha za setilaiti za Landsat.

Njia kuu ni tatu. Katika njia iitwayo ya kijani, mwandishi huweka nakala ya makala yake katika hazina ya wazi. Katika njia ya dhahabu, jarida zima liko wazi, na mara nyingi mwandishi ndiye alipaye. Katika njia ya almasi, halipi mwandishi wala msomaji. Chuo au chama cha wataalamu ndicho kinachobeba gharama. Yafaa ieleweke, basi, kwamba "huria" si sawa na "bure". Mwaka 2020 wachapishaji wa Nature walitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja huria. Majarida mengi huwasamehe waandishi wa nchi maskini, lakini msamaha huombwa, na mwenye kuomba si sawa na mwenye haki.

3. Mfano wa Kivu

Nchi yetu ni nchi ya matetemeko na volkano. Tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100 pande mbili za mpaka wa Kongo na Uganda. Tarehe 17 Januari 2002, chini ya mwezi mmoja kabla ya Tamko la Budapest, volkano ya Nyiragongo ililipuka na lava ikapita katikati ya mji wa Goma. Ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Siku tano baadaye mamlaka iliamuru sehemu ya mji ihamwe kwa kuhofia magma iliyokuwa chini ya mji na ziwa, na mamia ya maelfu ya watu wakaondoka. Siku hizo tofauti ya lava na magma haikuwa suala la darasani.

Utafiti juu ya volkano hizo, uliofanywa na Kituo cha Kuchunguza Volkano cha Goma kilichoanzishwa mwaka 1986, pamoja na taasisi za kigeni kama Jumba la Makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, umechapishwa kwa wingi, na sehemu yake ni huria. Sehemu kubwa iko katika Kiingereza.

Kuna neno moja lililosafiri kuelekea upande wa pili. Mazuku ni jina ambalo wakazi wa Goma na Sake huyapa mabonde madogo ambamo gesi ya kaboni itokayo ardhini hukusanyika. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Hutuama mabondeni, hasa usiku wa utulivu, na huua watu na wanyama. Wanajiolojia huliandika neno hilo bila kulibadili, na hulieleza kuwa ni Kiswahili chenye maana ya upepo mbaya. Mwanaisimu atatamani kulihusisha na kitenzi zuka na nomino mzuka. Lakini ufanano wa sauti peke yake si ushahidi, na asili yake yastahili kuchunguzwa pamoja na lugha jirani. Lililo dhahiri ni kwamba neno limetoka kwa wenyeji likaingia majaridani, ilhali maelezo ya majarida hayarudi kwa wenyeji kwa wepesi huo huo.

4. Kazi inayotungoja

Tangu mwaka 2002 makala huria mengi hutolewa chini ya leseni za Creative Commons. Leseni iliyo pana zaidi kati ya zile zinazodai mwandishi atajwe haiweki sharti jingine kubwa: humruhusu mtu yeyote kutafsiri makala na kuichapisha tafsiri yake bila kuomba idhini. Zipo leseni nyingine zinazokataza jambo hilo, kwa hiyo mfasiri hana budi kusoma leseni kabla ya kushika kalamu.

Ugumu uliobaki ni wa istilahi. Kifaransa hutenganisha aléa, yaani tukio la asili linaloweza kutokea, na risque, yaani hasara inayotazamiwa tukio hilo likikuta watu na mali. Kiswahili cha kila siku husema hatari kwa yote mawili. Chukua mfano wa makorongo ya mmomonyoko, ambayo utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliyahesabu kuwa 2,922 katika miji 26 ya Kongo. Mteremko usio na mtu una aléa bila risque. Nyumba ikijengwa ukingoni, risque huzaliwa, ingawa mteremko haukubadilika. Tukitumia neno moja, tunamficha msomaji kwamba sehemu ya maafa imo mikononi mwa wanadamu. Tunapendekeza tishio kwa dhana ya kwanza na hatari kwa ya pili. Ama kuhusu lava, kamusi zina zaha. Lakini katika tangazo la kuwahamisha watu litumike neno wanalolijua, kwani moto haungoji kamusi.

Mfano wa kufuatwa upo. Jarida la Volcanica, lililoanza kutoa makala mwaka 2018 kwa njia ya almasi, lilitoa mwaka 2021 toleo maalumu kuhusu vituo vya kuchunguza volkano vya Amerika ya Kilatini, likiwa na makala za Kihispania. Sisi tunaweza kuanza kwa hatua ndogo: kila tasnifu ya jiolojia iwe na muhtasari wa Kiswahili, wanafunzi wa isimu na wa jiolojia waandae istilahi pamoja, na istilahi hizo zijaribiwe Beni na Butembo kwa wasemaji ambao lugha yao ya kwanza ni Kinande.

5. Hitimisho

Mwezi Novemba 2021, katika kikao kimoja cha Mkutano Mkuu, UNESCO ilipitisha Pendekezo la Sayansi Huria na pia ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Maazimio hayo mawili hayana budi kusomwa pamoja. La kwanza limetupa maarifa tunayoruhusiwa kuyatafsiri; la pili limeikiri lugha inayoweza kuyapokea. Sherehe ya tarehe 7 Julai itakuwa na maana zaidi siku ambapo mkazi wa mteremkoni ataweza kusoma, kwa lugha anayoielewa, yale ambayo sayansi imekwisha kuandika kuhusu ardhi iliyo chini ya nyumba yake.