Kiingereza Kina Lafudhi Nyingi: Tusione Haya Kuuliza

Ndugu wasomaji, baadhi yenu mliomaliza kisomo sasa mnajifunza Kiingereza kidogo. Mnatuambia hivi: "Mwalimu akisema tunaelewa. Mgeni akisema, hatuambulii kitu." Leo tutaeleza sababu yake.

Mwanakisomo mmoja alikuwa akiuza asali kando ya barabara, hapa mkoani kwetu Singida. Gari likasimama. Mgeni akauliza bei ya dumu la lita 5. Mama akajibu kwa Kiingereza, "fifty", yaani hamsini. Alitaka shilingi 50,000. Mgeni akasikia "fifteen", yaani kumi na tano. Akatoa shilingi 15,000, akabeba dumu. Mama akapiga kelele. Watu wakajaa. Wengine wakasema mgeni ni mwizi. Mgeni naye hakujua kosa lake.

Kumbe hapakuwa na mwizi. Maneno hayo mawili yanafanana sana. "Fifteen" huvutwa mwishoni: fiftiin. "Fifty" ina nguvu mwanzoni, na mwisho wake ni mfupi: fifti. Katika Kiswahili, karibu kila neno tunalikazia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kiingereza mkazo huhamahama. Ukikosea mkazo, msikilizaji anaweza kusikia neno jingine.

Tena kuna lafudhi. Lafudhi ni namna ya mtu kutamka maneno, kufuatana na mahali alipokulia. Nenda sokoni siku ya mnada. Msikilize Mnyaturu, Mnyiramba, Mgogo wa Manyoni na Mbarbaig wakisema Kiswahili. Kila mmoja ana lafudhi yake, lakini tunaelewana. Kwa nini? Kwa sababu masikio yetu yamezoea.

Kiingereza nacho ni hivyo hivyo. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walifika Iramba katika miaka ya 1920. Makiungu nako walifanya kazi masista waganga kutoka Ireland. Wote walisema Kiingereza, lakini si kwa lafudhi moja. Maji kwa Kiingereza ni "water". Mtu wa London husema "wota". Mmarekani husema karibu na "wora". Tatu ni "three". Watu wengi wa Ireland hulitamka kama "trii", na neno hilo kwa Mwingereza maana yake ni mti! Hakuna anayekosea hapo. Kila mtu anasema kama alivyolelewa.

Basi tufanye nini?

1. Tusiitikie "yes" kwa haya. Daktari akikueleza namna ya kumeza dawa nawe hukuelewa, "yes" yako inaweza kukudhuru. Omba mtu akutafsirie.

2. Tujifunze kusema: "Please, speak slowly." Maana yake ni: Tafadhali, sema polepole.

3. Tusikilize redio ya Kiingereza kidogo kila siku, hata kama hatuelewi yote. Sikio hufundishwa kama mkono ulivyofundishwa kushika kalamu.

4. Tusimcheke mwenzetu anayejaribu. Anayechekwa hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi.

5. Mambo ya fedha na dawa tuyaandike.

Hili la tano ndilo lililomwokoa yule mama. Alipoona kelele hazisaidii, alichukua kalamu akaandika kwenye karatasi: 50,000. Mgeni akasoma, akashika kichwa, akaomba radhi. Akaongeza shilingi 35,000. Watu wakatawanyika wakicheka.

Ndugu wasomaji, tarakimu haina lafudhi. Mmarekani, Mwingereza na Mnyaturu wote huisoma sawa. Kisomo chako kimekwisha kukupa silaha hiyo. Itumie, huku sikio likiendelea kujifunza.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Kwa nini mgeni alitoa shilingi 15,000?
2. Je, umewahi kuitikia jambo usilolielewa? Ilikuwaje?