Hesabu Iliyofumbua Wekundu wa Yakuti

Mtu wa Mraru aonaye yakuti nyekundu iliyochimbwa Mangari, kusini ya Voi, aweza kuuliza: wekundu huu umetoka wapi? Jawabu lilipatikana kwa hesabu, wala si kwa sururu.

Leslie Orgel alizaliwa London mwaka 1927. Alisoma kemia Oxford, akapata shahada ya udaktari mwaka 1951, na mwaka 1955 akahamia Cambridge. Kazi yake ilikuwa kupima kwa hesabu jinsi chembe za vitu zishikamanavyo.

Yakuti ni alumini na oksijeni, pamoja na kromi kidogo. Ajabu ni kwamba kromi ikiungana na oksijeni peke yake huwa ya kijani. Mwaka 1957 Orgel alieleza sababu: katika yakuti, chembe ya kromi hukaa mahali pa chembe ya alumini, iliyo ndogo kuliko yeye. Hapo hubanwa, na kwa kubanwa huko humeza nuru ya kijani, nyekundu ikapita.

Mwaka 1964 alikwenda Taasisi ya Salk, California, kuchunguza asili ya uhai, akafanya kazi huko hata alipofariki mwaka 2007.

Basi, mzazi, mwanao akiinamia daftari la hesabu, usidhani kwamba anapoteza wakati. Huenda ndiye atakayewaeleza wenzake mawe ya kwao.