Uluguru kwenye simuleta: Picha kali au ndege isiyokwama?

Ukirusha ndege ya simuleta juu ya Morogoro, kuna vitu viwili utavitaka kwa pamoja. Kwanza, Uluguru ifanane na Uluguru kweli: msitu wa juu, mashamba ya miteremkoni, mabati ya nyumba za mjini. Pili, ndege iende laini, picha isikwamekwame.

Kwenye kompyuta ya kawaida huwezi kuvipata vyote viwili kwa kiwango cha juu kabisa. Lakini kabla hujakimbilia dukani kutafuta mashine mpya, jua kwanza kipi kinakula nguvu na kipi unaweza kukiacha.

Fremu ni nini?

Simuleta haichezi video iliyorekodiwa. Kompyuta inachora picha moja baada ya nyingine wakati huohuo unaoruka. Kila picha ni fremu. Ukitaka fremu 30 kwa sekunde, kompyuta ina kama milisekunde 33 tu za kuchora kila moja. Ukitaka 60, muda unabaki kama milisekunde 17.

Ikishindwa, wewe ndiye unayeumia. Unavuta usukani, ndege haijibu. Unavuta zaidi, halafu inajibu yote kwa mpigo na pua inapaa. Kwa kijana anayetamani urubani hii ni hasara, maana mkono unazoea kuvuta kupita kiasi. Saa za simuleta ya nyumbani hazikupi leseni, kwa hiyo faida yake kubwa ni mazoea mazuri. Kama inakupa mazoea mabaya, imekupa nini sasa?

Kwa nini Uluguru ni mtihani

Mji wa Morogoro upo karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana ukiwa mjini, kina zaidi ya mita 2,100. Kimhandu, upande wa kusini, kinapita mita 2,600.

Chukua Cessna 152, ndege ndogo ya mafunzo. Inapanda kama mita 220 kwa dakika ikiwa chini, na kadiri inavyokwenda juu kasi hiyo inapungua. Kuongeza mita 1,600 kunahitaji zaidi ya dakika saba. Kwa mwendo wake wa kupandia, muda huo inakuwa imeshakata kama kilomita 15. Mlima uko karibu zaidi ya hapo. Ukielekea moja kwa moja, utaufikia kabla hujapata kimo.

Kwa hiyo lazima uzunguke juu ya mji ukipanda taratibu. Na ukikata kona, upande mpya wa mandhari unaingia kwenye skrini, kompyuta inapakia picha mpya, fremu zinashuka. Yaani simuleta inakwama wakati ule ule unaohitaji kuona mlima uko wapi.

Picha ya satelaiti inakupa nini hasa?

Mandhari ya picha halisi ni picha za satelaiti au za ndege zilizotandikwa juu ya ardhi ya simuleta. Microsoft Flight Simulator, iliyotoka Agosti 2020, inavuta picha za Bing kupitia intaneti wakati unaruka. Kwenye X-Plane, wengi hutumia programu ya bure ya Ortho4XP kutengeneza mandhari na kuihifadhi kwenye diski.

Faida yake ni kusoma njia kwa macho. Ukitoka Dar es Salaam unafuata barabara hadi Chalinze, kisha Uluguru inatokea kushoto kwako. Ukiona Bwawa la Mindu mbele, ujue mji umeshaupita.

Ila ukali wa picha una bei. Kwenye Ortho4XP, kiwango cha 16 kinafanya kila nukta ya picha iwe kama mita 2.4 za ardhi. Kiwango cha 17 ni mita 1.2, na cha 18 ni sentimita 60. Kila ukipanda kiwango kimoja, nukta zinakuwa mara nne, na nafasi kwenye diski vilevile. Kipande kinachochukua GB 2 kwenye kiwango cha 16 kitakaribia GB 8 kwenye cha 17 na GB 32 kwenye cha 18.

Vipande hivyo hukatwa kwa nyuzi za latitudo na longitudo. Mstari wa nyuzi 7 kusini unapita katikati ya Uluguru. Mji na Lupanga vipo kipande kimoja, Kimhandu kipo kingine. Ukitaka mlima mzima, andaa vipande viwili.

Usipandishe vyote. Weka kiwango cha 17 kuzunguka mji na uwanja wa ndege, unapokuwa chini. Kwingine 16 inatosha, kwa sababu ukiwa juu huoni tofauti kubwa. Tena milima hii hufunikwa na mawingu mara nyingi. Kama picha ilipigwa siku ya mawingu, kuongeza ukali kutakupa doa jeupe lililo wazi zaidi, basi.

Umbo la mlima kwanza, rangi baadaye

Hapa ndipo wengi wanachanganya. Picha ni rangi ya juu tu. Kinachofanya mlima uwe mlima ni data ya mwinuko.

Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kilipima miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa rada kwa siku 11. Data zake za kila mita 30 kwa Afrika zilianza kutolewa bure mwaka 2014. Data za aina hiyo zinatumika kwenye simuleta nyingi, ikiwemo FlightGear ambayo ni ya bure. Mwinuko ukiwa sahihi, hata picha ikiwa na ukungu kidogo, bado utalijua bonde na mgongo wa mlima. Picha kali juu ya mwinuko mbovu inakupa Uluguru iliyolala.

Usisahau bando

Simuleta inayovuta picha mtandaoni inakula data. Ikivuta kwa kasi ya Mbps 5 muda wote, saa moja ni kama GB 2.25. Kwa Mbps 20 ni GB 9. Huwa haivuti mfululizo hivyo, lakini ukizunguka maeneo mapya bando litakukimbia.

Dawa ni kuwasha hifadhi ya muda kwenye mipangilio, ili picha za Morogoro ulizoshusha jana zisishushwe tena leo. Kwenye toleo la 2020 unaweza pia kuzima picha za Bing na kuruka na mandhari ya kawaida. Toleo la 2024 linategemea intaneti zaidi, kwa hiyo pima kabla hujanunua.

Fanya hivi, hatua kwa hatua

1. Chagua jaribio moja. Uwanja uleule, saa ileile, hali ya hewa ileile. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, la sivyo hutajua kipi kimesaidia.

2. Jua nani kazidiwa. Kwenye toleo la 2020, washa hali ya wasanidi na uonyeshe kipimo cha fremu. Ikiandika "MainThread", prosesa ndiyo imezidiwa. Ikiandika "GPU", ni kadi ya grafiki.

3. Kama ni prosesa: shusha kipimo cha LOD cha ardhi, ambacho kinaamua mandhari ichorwe kwa undani hadi umbali gani. Umbali ukiwa mara mbili, eneo linakuwa mara nne. Punguza ndege na magari ya kujiendesha. Chagua ndege yenye saa za mishale kama Cessna 152 badala ya yenye skrini za kisasa.

4. Kama ni kadi ya grafiki: shusha mawingu na vivuli kwanza. Kisha punguza ukubwa wa mchoro hadi asilimia 80. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 itachora nukta kama milioni 1.3 badala ya milioni 2.1.

5. Funga fremu kwenye 30. Thelathini zilizotulia ni bora kuliko zinazoruka kati ya 20 na 50. Mkono unazoea mwendo mmoja.

6. Angalia joto. Kompyuta mpakato ikichemka inajipunguzia nguvu yenyewe. Iinue kidogo nyuma, safisha vumbi kwenye feni, na iache kwenye chaji, maana nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri.

Kipi kisiguswe?

Ukikatakata kila kitu, mwisho utabaki na gemu lisilo na ladha. Acha mwinuko wa ardhi kwenye kiwango kizuri. Acha picha ya kutosha kuona barabara, reli na bwawa. Acha mawingu kiasi, kwa sababu upande wa mashariki wa Uluguru, unaopokea unyevu wa Bahari ya Hindi, ukiurusha bila mawingu unajidanganya.

Majani ya mti mmoja mmoja, magari barabarani na nyumba za kilomita 30 mbele, hivyo viache viende. Ukiwa unazunguka juu ya Morogoro ukitafuta kimo, huvitazami. Unatazama mlima.