Maji ya Bwaise: Macho Hayatoshi

Mtu apitaye Bwaise, kaskazini mwa Kampala, huuona mfereji wa Nsooba una maji meusi na taka, akasema, "Machafu haya." Hakosei. Lakini akiiona chemchemi iliyojengewa saruji, maji yakitoka maangavu na ya baridi, husema, "Haya ni safi." Hapo ndipo wengi hudanganyika.

Bwaise imo bondeni, na maji ya chini ya ardhi hayako mbali. Ndiyo sababu vyoo vingi vya huko huinuliwa juu, hata watu hupanda ngazi. Wachunguzi waliopima maji hayo katika Bwaise III, wakatoa habari zao mwaka 2007, waliona kuwa mvua ikinyesha, maji ya chini hupanda upesi, na uchafu wa vyoo, wa mifugo na wa majalala huzidi ndani yake. Mwaka 2015 homa ya matumbo ilienea Kampala, na maji machafu yalikuwa miongoni mwa sababu zake.

Basi maji hupimwaje? Huchukuliwa chupa iliyotakaswa kwa moto, hujazwa mdomo ukielekea juu mkondo utokako, kisha huwekwa katika sanduku lenye barafu na kupelekwa maabara siku ile ile. Mililita 100 huchujwa, na chujio huwekwa juu ya chakula cha vijidudu katika joto la nyuzi 44 kwa muda wa siku moja hivi. Vijidudu vya matumbo hustahimili joto hilo, vingine vingi havistahimili. Kila kimoja huzaana mpaka kikaonekana kama doa, na madoa huhesabiwa. Katika maji ya kunywa hapatakiwi hata doa moja.

Mfereji wenye matawi haupimwi mahali pamoja tu. Hapana budi kupima juu ya makutano, katika tawi lenyewe, na chini ya makutano, siku moja. Hesabu ikiruka ghafula, hapo katikati ndipo uchafu uingiapo. Kisha kazi hurudiwa wakati wa kiangazi na wakati wa mvua.

Wala jambo hili si la Bwaise peke yake. Ingawa Ziwa Victoria liko karibu, maji ya Nsooba hayaendi huko. Huingia kinamasi cha Lubigi, yakafuata Mto Mayanja, kisha Kafu, mpaka Nile.

Anayelazimika kunywa maji ya chemchemi na ayachemshe mpaka yatokote, kwa kuwa moto huua vijidudu. Lakini moto hauondoi naitreti, chumvi itokayo katika uchafu wa vyoo, nayo ikizidi humdhuru mtoto mchanga anyweshwaye maziwa ya chupa. Huyo atafutiwe maji mengine.